Kuku wa Maji Matupu

Kwenye kantini ya karakana ya mabasi, mafundi walimwita mpishi wao Shangazi Rojo, na jina lenyewe hakulichukia. Rojo lake lilikuwa zito na jekundu, lenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikasahau kwamba kiliwahi kuwa kitunguu, na saumu ya kumtoa nyoka pangoni. Fundi akimwambia, "Shangazi, leo tumbo linanisumbua, nipe wali mtupu," alimkodolea macho kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Kisha alimpakulia wali mtupu upande mmoja wa sahani na rojo upande wa pili. "Likae tu hapo. Kwani linauma?" Hakuna aliyewahi kuliacha likae.

Alikuwa na imani moja tu kuhusu chakula, na aliishika kuliko watu wengine wanavyoishika dini: mtu unayemjali humpi chakula kitupu. Chakula kitupu ni cha wafungwa na wagonjwa, na hata wagonjwa wanaonewa. Imani hiyo ilimpa kazi, ikampa jina, ikampa mume. Ndiyo pia iliyokuja kumponza.

Paka wake, Mkaguzi, alizaliwa ndani ya basi bovu nyuma ya karakana. Mama yake alitoka siku moja asirudi, na mtunza stoo akamleta yule paka mdogo jikoni ndani ya kofia yake ya kazi. "Shangazi, siku hizi uko peke yako. Chukua huyu mwenzio." Lilikuwa neno la kweli, ingawa mtunza stoo ana tabia ya kuyatoa maneno ya kweli kama mtu anayeangusha spana. Mumewe Shangazi Rojo, fundi saa, mtu mpole aliyeongea kwa sauti ndogo utadhani anaogopa kuzishtua saa zake, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumbani zilibaki saa za ukutani ambazo hakuna wa kuzitia ufunguo, na mwanamke aliyeendelea kupika sufuria la familia nzima kwa ajili ya mdomo mmoja. Akamchukua.

Jina alimpa siku ileile. Paka huyo alipofika nyumbani hakujificha chini ya kitanda kama paka wenye adabu zao. Alizunguka jikoni mkia juu, akanusa kila sufuria, akachungulia nyuma ya pipa, kama bwana afya aliyetumwa kutafuta kosa. "Haya, Mkaguzi, umeona nini?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkaguzi, ya tatu ilipofika, alipewa mto wa marehemu.

Shangazi Rojo alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akija kumtazama kila Jumamosi. Mara ya kwanza alipomkuta paka alifurahi sana, na Jumamosi iliyofuata akaja na mfuko wa chakula cha paka.

"Huyu ana chakula chake, Mama. Na inabidi aonwe na daktari wa mifugo, achanjwe."

Shangazi Rojo akamimina punje chache kiganjani, akazinusa. "Hii si mbolea hii?"

"Mama!"

"Nina mche wangu wa nyanya pale nje, mwanangu. Ungefurahi kweli."

"Usinifanyie mzaha. Mpe hii, na maji safi. Basi."

"Nimekusikia, mwalimu."

Alikuwa amemsikia, ila kusikia na kukubali ni mambo mawili. Kwa daktari alikusudia kwenda, lakini kila wiki ilikuja na shughuli zake. Mfuko wa punje ukapanda juu ya kabati. Binti alipotoka tu, kisahani cha bluu kilishuka sakafuni kikiwa na mnofu wa kuku na rojo juu yake. Mkaguzi mwanzoni alirudi nyuma, akapiga chafya. Shangazi Rojo akachovya kidole kwenye rojo, akamtia mdomoni, akambembeleza, mpaka akazoea. Alipozoea alilamba kwa bidii hadi kisahani kikateleza na kugota ukutani. Shangazi Rojo aliketi kwenye kigoda akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijiona ana kazi ndani ya nyumba yake.

Kisha Mkaguzi akaacha kupanda dirishani. Akaacha kukagua. Haja yake ndogo ikawa nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Shangazi Rojo aliona yote hayo, na akafanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote mtu wake anapodhoofika: aliongeza rojo. "Kula, mama, upate nguvu."

Jumamosi asubuhi binti alimkuta Mkaguzi amelala ubavu, anahema kama aliyekimbizwa. Akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Mama, huyu anakufa!"

Wakamtia kwenye kapu la sokoni, wakamfunika kwa kitambaa, wakaenda mbio. Kliniki ya mifugo ilikuwa nyuma ya duka la pumba na dawa za kuku, chumba chenye meza ya bati na harufu ya dawa kali. Nje kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa na mbuzi wake, akacheka alipoona kilichomo kapuni. "Siku hizi na paka naye anapanga foleni?" Siku nyingine Shangazi Rojo angempa jibu la kumtosha yeye na mbuzi. Siku hiyo alilikumbatia kapu tu, na mzee alipoona uso wake akawapisha watangulie.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye buti za mvua na mikono isiyo na haraka. Alimpapasa Mkaguzi tumbo, akamsikiliza moyo, akabonyeza fizi kwa kidole.

"Damu imepungua sana. Anakula nini, mama?"

Swali hilo Shangazi Rojo alilijua. Lilishaulizwa mbele yake katika chumba kingine, na mtu mwingine aliyevaa koti jeupe.

Fundi saa alipogundulika ana presha, daktari alikataza chumvi. Shangazi Rojo alijaribu. Alimpikia bila chumvi mara moja, mara mbili. Mumewe alikula kimya, akasema asante, asiongeze. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukosa kuongeza, na ile sahani iliyorudi bila kuombwa nyongeza ilimuuma kuliko habari ya presha. Basi akarudisha chumvi, kidogo tu. Kidogo kikaongezeka kidogo, mpaka chungu kikarudi kilivyokuwa. Fundi saa akala, akaongeza, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Wewe mwanamke! Hata bila chumvi chakula chako kitamu hivi?" Naye akatabasamu. Mungu anamwona, alitabasamu. Kila wakienda hospitali daktari alistaajabu kwa nini presha haishuki, akauliza anakula nini, na fundi saa alijibu mwenyewe kwa kujivuna, "Mke wangu amenitolea chumvi kabisa." Mke wake alikuwa amekaa palepale, mkoba mapajani. Daktari akaongeza vidonge. Kiharusi kilimkuta fundi saa ameinama juu ya saa ya mteja.

"Mama?" daktari wa mifugo aliuliza tena. "Anakula nini?"

"Kuku," alisema Shangazi Rojo. "Kuku wa kuchemsha."

"Peke yake? Hakuna viungo?"

"Peke yake."

"Dokta, kwa chakula mama yangu hana mchezo," binti akadakia, akamshika mama yake bega. "Baba alipokatazwa chumvi alimtolea yote, na bado Baba alimsifia mpaka siku ya mwisho."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Basi hawa watakuwa wadudu wa damu. Nianze na hao." Akageuka kuelekea kabati la dawa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema inakuwaje pale anayeficha ni mmoja na anayekufa ni mwingine. Shangazi Rojo alimtazama Mkaguzi juu ya lile bati, mdomo wazi, akivuta pumzi fupifupi, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Ilikuwa aibu ileile ya chumbani kwa daktari wa mumewe. Haikuwa imekwenda popote.

"Dokta, ngoja."

Daktari akageuka, sindano mkononi.

"Nampa rojo. Kitunguu kingi, na saumu. Kila siku." Sauti ilimtoka ndogo, kama ya marehemu mumewe. "Mwanangu alileta chakula cha paka. Kipo juu ya kabati, hakijafika hata nusu. Hapana, hakijaguswa."

Bega lake likabaki bila mkono.

"Kitunguu kwa paka ni sumu," daktari alisema. "Saumu pia. Vinavunja damu mwilini, na hata ukivikaanga vipi havibadiliki." Akairudisha sindano kabatini. "Umefanya vizuri kusema. Ningehangaika na wadudu ambao hawapo."

Hakumkemea, na Shangazi Rojo angependa kukemewa. "Atapona?"

"Sijui, mama. Mwache hapa nimwekee maji ya mshipani. Tuombe damu yake ianze kurudi."

Damu ilirudi, taratibu. Walipokwenda kumchukua, Mkaguzi alikuwa mwepesi kama kofia tupu, lakini alinusa kapu lote kabla ya kukubali kuingia. Daktari akawapa maagizo: chanjo akipata nguvu, maziwa hapana, punje zile ndizo chakula chake. Kwa siku hizi za kwanza, ili apate hamu, wamchanganyie na kuku kidogo aliyechemshwa kwa maji matupu. Asitiwe mafuta, wala chumvi, wala chochote.

Jikoni, Shangazi Rojo alibandika sufuria. Maji yalipochemka mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye kopo la chumvi, ukafika, ukalishika. Akalitazama lile kopo, kisha akampa binti. "Litoe humu ndani."

Nyama ikaiva bila harufu ya maana. Akaichambua, akaipoza kwa kuipulizia, akaichanganya na punje, akaweka kisahani cha bluu chini. Mkaguzi akanusa huku na huku, akamtazama usoni. Halafu akainama, akala, na kisahani kikaanza tena kuteleza kuelekea ukutani.

Binti akachukua kipande kilichobaki sufuriani, akakitia mdomoni. Akakunja uso, akacheka kidogo. "Mama, hiki hakina kitu kabisa! Ndicho alichokuwa anakula Baba? Na bado alikusifia?"

Shangazi Rojo alikuwa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Baba yako hiki sikumpa."

Binti alikuwa bado anatafuna. Akaacha.