Mzee wa Darajani na Matangazo ya Vifo

Waraka Namba Nne wa idara ya vipindi, uliobandikwa ukutani kwa gundi na si kwa pini ili mtu asije akaubandua, unatamka kwamba muziki unaosindikiza matangazo ya vifo ni usuli wa kitaalamu usiobeba ujumbe wowote kwa msikilizaji yeyote, na kwamba kubadilishwa kwake hakuwezi kumwathiri mtu. Unaongeza kwamba usuli huo sharti uwe na heshima, uwe umetungwa kwa nia ya maombolezo, na usiwe na asili ya burudani, hususan michezo ya kompyuta. Aliyeuandika alikuwa na hasira, lakini hasira yake ilifuata sarufi.

Waraka haukumtaja mtu. Haukuwa na haja. Katika kituo kizima cha redio ni mtu mmoja tu aliyeshughulika na muziki wa marehemu: fundi mitambo, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, ambaye kila mtu kuanzia getini hadi ghorofa ya pili alimwita Bi Tanzia. Jina hilo lilimkaa kama kiatu cha kurithi. Halikumbana, wala halikumpendeza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa saba mchana, habari zikiisha, Msomaji aliketi ng'ambo ya kioo na karatasi zake. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya pipa tupu na tumbo la pipa lililojaa. Bi Tanzia alipandisha muziki, akauacha peke yake kwa pumzi mbili, akaushusha taratibu, kisha akamnyooshea Msomaji kidole. Hapo marehemu wa kwanza akaingia hewani.

Shida ya marehemu ni kwamba hawana ratiba. Leo wawili, kesho kumi na wanne. Zamani kituo kilitumia wimbo wa kwaya wa dakika tatu na sekunde kumi na nne, na orodha ikiwa ndefu wimbo ulikwisha katikati, ikabidi uanzishwe upya. Kwaya ile ilianza kwa kelele. Siku moja watu arobaini walipaza sauti kwa shangwe papo hapo jina la mwalimu mkuu mstaafu lilipotajwa, na kesho yake ukoo wake ulifika kituoni, watu sita waliovaa vizuri, kuuliza kilichofurahisha ni nini.

Wakati huo mdogo wa kiume wa Bi Tanzia, kitinda mimba aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, alikuwa akiishi kwake. Kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi kilifungwa, akaja kukaa kwa dada yake wiki mbili. Wiki hizo zilichukua miaka miwili. Alilala kwenye kochi la sebuleni, aliosha vyombo bila kuambiwa, na alicheza gemu.

Kusema alicheza ni kumtendea haki kupita kiasi. Alikuwa na gemu moja, na ndani ya gemu hiyo mahali pamoja: daraja lililofunikwa na theluji, na juu yake mzee mlinzi ameshika taa. Mchezaji angeweza kuvuka akaendelea na safari zake za kuua majoka. Yeye hakuvuka. Aliketi na rimoti mapajani akisikiliza muziki wa pale darajani, noti chache za kinanda zikishuka moja moja kama mtu anayetafuta ngazi ya mwisho gizani, kisha fidla ikizifuata kwa mbali, bila haraka, kana kwamba imeagizwa isizifikie.

"Hivi huyo mzee ana nini?" Bi Tanzia aliuliza siku moja, akivua viatu mlangoni. "Kila nikirudi yuko hapohapo."

"Anamsubiri mtu, dada."

"Atakuja lini huyo mtu?"

"Haji. Waliotengeneza gemu hawakumtia ndani."

"Sasa si umwambie!"

"Hakuna kitufe cha kumwambia."

Alitaka kucheka, lakini muziki ulimwahi. Akaketi ukingoni mwa kochi na mkoba wake begani, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Baadaye ufundi ulimrudia, akagundua jambo: muziki ule haukuisha. Muziki wa gemu hutungwa hivyo, kwa kuwa mtunzi hajui mchezaji ataduwaa mahali kwa muda gani. Unazunguka na kujirudia, na palipoungwa hapaonekani. Alipiga magoti mbele ya televisheni, sikio kwenye spika, akipatafuta kama fundi cherehani anayekagua shati la mshindani wake. Hakupapata. Jumamosi iliyofuata aliunganisha waya akaurekodi.

"Dada," mdogo wake alisema siku ya kwanza uliposikika hewani, "umeufanya mji mzima ulie na gemu."

"Nyamaza. Ukisema nitakutoa kwenye kochi."

Hakusema. Badala yake alijipa kazi ya ukaguzi. Kila siku saa saba alifungua redio, na dada yake akirudi alimpokea na ripoti. "Leo umeingiza mapema. Marehemu wa kwanza alikuwa hata hajakaa vizuri." Au: "Leo sawa. Leo hata mimi ningekubali kufa." Wakacheka. Ilikuwa ndiyo ajira pekee aliyokuwa nayo, na aliifanya vizuri.

Mji uliupokea muziki ule kama jamaa aliyekuwa amesahauliwa. Watu walinyamaza sokoni ulipoanza. Bendi ya tarumbeta iliyopiga mazikoni ilijifunza kwa kuusikiliza tu, ikaupiga kwa nguvu zisizohitajika. Mjane mmoja alipiga simu kuuliza jina la mtunzi, na Bi Tanzia akajibu kwamba ni muziki wa kale, mtunzi hajulikani. Uongo huo ulidumu.

Ulimi hauna mfupa. Alasiri moja alirudi na homa, baada ya orodha ya watu kumi na tisa, akamkuta mdogo wake palepale, darajani, kwenye theluji.

"Wewe na huyo mzee wako," alisema, "sijui nani atamzika mwenzake. Tena yeye afadhali. Analinda daraja."

Mdogo wake alicheka, na alicheka vizuri tu, kama anavyocheka siku zote. Kesho yake blanketi lilikuwa limekunjwa, waya umeviringishwa, vikombe vimeoshwa na kufunikwa kifudifudi. Simu yake haikupatikana, na haikupatikana tena. Ilikuwa miaka mitano iliyopita.

Bi Tanzia alikwenda kwenye dawati la waliopotea, lililokuwa kwenye kituo hichohicho, milango mitatu kutoka chumba chake. Dawati lilidai picha mbili za aliyepotea, jambo ambalo kwa redio hakuna aliyewahi kulieleza. Alizileta. Fomu ilikuwa na mstari unaouliza sababu ya kuondoka. Aliuacha mtupu. Fomu ilirudishwa mezani kwake mara mbili kwa maelezo kwamba haijakamilika, na mara ya tatu hakuipeleka.

Tangu hapo alisoma orodha ya vifo kabla ya Msomaji, kuanzia chini kwenda juu, kana kwamba msiba ukiviziwa kwa nyuma hupungua. Alisoma majina kwa jicho moja. Macho yote mawili aliyaweka kwa wale waliokuja bila majina kutoka hospitali: mwanamume asiyefahamika, umri kati ya thelathini na arobaini, urefu wa wastani. Wanaume wengi mno duniani wana urefu wa wastani.

Na zile pumzi mbili za muziki kabla ya sauti ya Msomaji zikawa nne.

"Bi Tanzia," Msomaji alilalamika, "mbona siku hizi unaniacha nining'inie?"

"Nakupa nafasi umeze mate, kaka."

"Nimeshayameza yote. Nimeanza kumeza ya kesho."

Hakumwambia kwamba pumzi mbili za ziada hazikuwa zake. Hesabu ya Bi Tanzia ilikuwa fupi: mtu huenda mbali, lakini redio haikosekani. Ipo kwa kinyozi, ipo kibandani kwa mlinzi, ipo jikoni kwa watu. Popote alipo, saa saba ikifika atasikia kinanda kikishuka ngazi, na atajua kwamba dada yake yupo, na kwamba neno lile halikuwa neno. Hilo ndilo lililokuwa limebaki kati yao. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuwa na kisambaza mawimbi kinachofika mikoa mitatu.

Kisha Mkurugenzi wa vipindi, mtu mpya na mwenye bidii, akarudi nyumbani siku moja saa kumi, akausikia muziki wa vifo ukitoka chumbani kwa binti yake. Alisimama ukumbini. Alivua kofia. Aliwapitia akilini jamaa wote wenye presha, akafungua mlango, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nani?"

Binti alikuwa amelala kifudifudi akila biskuti.

"Nani nini, baba?"

"Aliyefariki."

"Hajafariki, baba. Huyu mzee anasubiri tu."

Inasemekana Mkurugenzi alibaki pale nusu saa nzima, kwa uchunguzi. Alitoka na macho mekundu na azma thabiti.

Kikao kilikuwa cha watu watatu. Mkurugenzi aliweka mikono juu ya meza kama mtu anayezuia meza isiruke.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita mji huu unazika watu wake kwa mchezo wa watoto. Juzi bendi imempigia mkwe wangu gemu kaburini! Ulijua?"

"Nilijua ni muziki wa gemu, mkuu."

"Na ukaona una heshima kuliko kwaya?"

"Sikuona hivyo. Kwaya inaisha, mkuu. Huu hauishi."

"Kila kitu kinaisha!"

"Ndiyo maana watu wakaupenda," alisema Msomaji, akaangaliwa, akaanza kukagua kucha zake.

Mkurugenzi alimgeukia tena Bi Tanzia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelia mbele ya biskuti na hakutaka ijulikane. "Nipe sababu moja," alisema, karibu kwa upole. "Sababu ya kikazi. Nitaisikiliza."

Sababu ilikuwepo. Ilimjaa mdomoni, na ili kuitoa ilibidi kwanza atoe sentensi nyingine, ile ya mzee na daraja, mbele ya wanaume wawili na jagi la maji. Bi Tanzia alifungua mdomo. Aliutazama ukuta, mahali ambapo waraka ungebandikwa wiki hiyo.

"Haujiungi vibaya," alisema. "Ni hilo tu."

Muziki mpya uliidhinishwa siku ya Ijumaa. Ulikuwa wa kinanda kikubwa, umetungwa kwa nia ya maombolezo, na ulikuwa wa dakika tatu. Jumatatu orodha ilikuwa na watu kumi na mmoja. Alipandisha muziki. Aliuacha kwa pumzi nne, kwa mazoea, kisha akajiona mjinga, kwa kuwa pumzi hizo sasa hazikuwa za mtu. Akamnyooshea Msomaji kidole. Kwenye marehemu wa saba muziki ulikwisha, na waliobaki wakasindikizwa na kiyoyozi.

"Umeniacha uchi," Msomaji alisema baadaye, akijifuta jasho la shingo.

"Nimekuacha na heshima, kaka. Umeandikwa waraka."

Alijaribu kucheka naye. Kisha akaenda chooni, akafungulia maji ya bomba, akayaacha yamwagike muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa mikono.

Simu zilipigwa wiki nzima. Mkurugenzi alikuwa amezitarajia, akampa Mpokea Simu sentensi moja ya kumjibu kila mtu, akamkataza kuongeza yake. Mpokea Simu alikuwa binti mtiifu, mwenye mwandiko wa duara, na aliandika kila simu katika daftari la maoni ya wasikilizaji, ambalo fundi mitambo hutakiwa kulisaini kila Ijumaa.

Bi Tanzia alilisoma akiwa amesimama mapokezi, kalamu mkononi. Mwanamke mmoja aliuliza kama wafu wameshushwa cheo. Kiongozi wa bendi aliuliza kama waendelee na ule wa zamani au watafungwa. Mzee mmoja alisema alikuwa ameshawaagiza wanawe wampigie ule, sasa afe na upi. Aliruka kurasa mbili za namna hiyo, akarudi nyuma moja, akasimama kwenye simu ya Jumatatu.

"Huyu," alisema, akiweka kalamu juu ya mstari. "Huyu alisemaje?"

Mpokea Simu alinyoosha shingo. "Alivyosema ndivyo nilivyoandika, mama."

"Hakuacha namba?"

"Walikata wengi bila kuacha. Huyo alishukuru, akakata."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Si nimeandika hapo pembeni, mama."

Alikuwa ameandika. Saa saba na dakika mbili, kabla hata marehemu wa kwanza hajamalizwa. Mwanamume, hakutaja jina. Chini ya maelezo: *Anauliza yule fundi wa kike amefariki lini.* Na chini ya hatua iliyochukuliwa, kwa mwandiko uleule wa duara: *Amejulishwa kwamba mabadiliko ni ya kudumu.*