Mstari wa Kichwa cha Baba

Kwanza nikuambie habari ya bata mzinga wa masista, maana bila yeye sina pa kuanzia. Alikuwa mkubwa kunizidi, na shingo yake ikishaiva wekundu ujue unakimbizwa. Siku moja alinifukuza kutoka kwenye mipichi mpaka jikoni kwa misheni, nikaangukia masufuria, nikatoka mweusi uso mzima. Baba, aliyekuwa akipakia kabichi kwenye lori hapo nje, alicheka mpaka gunia likamponyoka. Akanifuta kwa mate na pindo la shati, wapi. Masizi ya sufuria yakishika mafuta, yamekaa. Hilo nalijua kuliko hesabu, maana shule niliishia darasa la tatu.

Basi mwaka huu akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka Mzumbe. Wanafunzi wake wana mchezo wa jukwaani, nyimbo mwanzo mwisho, habari za watu wa hapa kwetu Mgeta enzi reli ya Kisaki inajengwa.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa unajua vichwa vya zamani."

Marahaba, najua. Wasichana niliwasuka nywele za uzi, wengine mtindo wa twende kilioni. Wanja nikatengeneza kwa masizi. Mzee wa mchezo nikampaka mvi za unga wa muhogo, na hapo nilikosea: aliimba, akatoka jasho, mvi zikawa uji, zikamshukia puani.

"Bibi, na sukari iko wapi?" akauliza mzee huyo.

Tulicheka wote. Kesho yake nikatumia majivu.

Shida ilikuwa kijana anayeigiza mpakiaji wa lori, anayeaga nyumbani kwenda kutafuta kazi ya reli. Mwalimu alitaka avae kofia, yaishe. Nikakataa. Wanaume wale walikuwa na mstari kichwani, umekatwa kwa wembe upande mmoja, na baba nilikuwa namkata mimi, kila Jumamosi. Picha yake hatuna hata moja. Nilitaka kumwona tena, ndiyo ukweli wenyewe. Mchezo wao ulikuwa kisingizio.

Nikasimama nyuma ya kijana, nikakata kulia. Nikazunguka mbele kumtazama. Siyo baba. Mgeni kabisa.

"Vipi bibi, nimeharibika?"

"Nyamaza kwanza."

Ndipo nikakumbuka. Baba alikuwa anakaa juu ya gunia, mimi nasimama kati ya magoti yake, uso kwa uso. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kushoto kwake. Nywele zilizonyolewa hazirudishwi, basi nikachukua masizi na mafuta, nikauziba ule mstari, nikapiga mwingine nikiwa mbele yake, kama zamani. Alipoinua uso, nilikaa chini.

Bata mzinga hayupo, jiko la misheni linapikia gesi, na malori ya kabichi yanapakiwa na watu wasionijua. Lakini Jumamosi wasichana wale wanakuja kwangu kujifunza uzi, na mmoja mkono wake mwepesi kuliko wangu.

Jukwaani kijana aliimba ubeti wa mwisho, akachukua fuko lake. Ndivyo alivyofanya baba. Aliniambia nisimalize mafuta ya nywele, akashuka bondeni kwa miguu, kwa kuwa lori lilikuwa limejaa. Hakugeuka, na hakurudi. Mimi nilibaki mlangoni na wembe mkononi, nautazama ule mstari ukishuka mlima, umenyooka.