Pompi ya umeme ao ya moteri? Namna kamyo yangu iligeuka stasyo ya esansi ya basoda, Butembo–Beni

Wakuu, salamu. Nitaeleza vile ilivyotokea na sitaongeza hata litri moja. Zile zilizotoka zinatosha.

Ilikuwa wakati wa rebeliyo, vita vya waasi. Nilikuwa na kamyo ya zamani inayotumia esansi, yaani petroli, pale Butembo. Pompi yake, ile inayosukumwa na moteri, ilipasuka ngozi ya ndani. Esansi inavuja, kamyo inakohoa kwenye kila mulima. Na Butembo ni milima tu.

Jumamosi dada yangu Kavira alikuwa anaolewa Beni. Sufuria kubwa sita za karamu na viti mia moja na makumi mbili vilikuwa juu yangu. Nilihesabu mara mbili.

Bila sufuria hakuna chakula. Bila chakula, bakwe, batu ba upande wa bwana harusi, bangeongea mpaka batoto ba Kavira baote ndevu.

Fundi Paluku akaweka pompi mbili mezani. Moja ya moteri, imetoka kwenye kamyo iliyokufa. Nyingine ya umeme, imetumika tayari, kutoka Kampala.

"Mukubwa, kamata hii ya moteri. Njo kamyo yako inazoea."

"Na ile?"

Akaifunga kwenye batri, tiyo moja ya mupira ndani ya bido, dumu la esansi, nyingine ndani ya chupa. Tik tik tik tik. Chupa ikajaa, na hakuna moteri inayozunguka.

Nikipenda kitu, sura yangu inageuka kama ya mutu anayeumwa tumbo, ili muuzaji asijue. Paluku alijua. Hata hivyo nilimubana bei mpaka akaifunga kwenye kamyo na kuongeza tiyo mupya na filtre, chujio la esansi.

Ijumaa asubuhi, na baridi yote ile, ufunguo kwenye kontakti mara moja tu, moteri ikawaka. Nilijisikia waziri.

Kwa wasiojua barabara ya wakati ule: kila bariere, kizuizi cha njiani, basoda, yaani askari, banaomba esansi. Balikuwa bananyonya na tiyo, kwa mudomo. Mais tanki yangu nilikuwa nimeiziba na wavu wa chuma. Banajaribu, banatukana, bananiacha. Nilikuwa napita na esansi yangu yote.

Bariere ya kwanza nikazima moteri, njo sheria yao. Sajenti akasoma karatasi, akanirudishia. Nikaweka kontakti niondoke.

Tik tik tik tik.

Sajenti akaruka nyuma. Basoda batatu bakalala chini. Mumoja aliingia mufereji pamoja na kiti chake.

"Iko nini inalia huko chini?"

"Pompi ya esansi, chef."

"Pompi inalia na moteri imekufa? Unaniona mutoto?"

Bunduki nne zinaniangalia. Donc nikafanya kile mufanyabiashara anafanya: nikaonyesha mali. Nikafungua kofia ya moteri, nikachomoa tiyo kwenye kabureta, nikaomba kikombe. Kontakti. Kikombe kikajaa, safi.

Nilitegemea kuombwa radhi. Sajenti aliangalia kile kikombe kama padiri anaangalia kalisi ya misa.

"Rudilia," akasema.

Nikarudilia.

"Mulete bido."

Litri kumi, wakuu. Hakuna aliyenyonya, hakuna aliyekohoa. Sajenti mwenyewe alishika ufunguo, anaweka, anatoa, anacheka. Kisha akakamata redio yake.

"Kamyo ya rangi ya bulu inakuya. Iko stasyo. Musivunje kitu, mufungue tiyo tu."

Bariere ya pili, bido tatu zilikuwa zimepangwa mustari. Ya tatu, hata mama mumoja muuza makala ya kupikia alikuwa kwenye foleni.

Ya tano, karibu kuingia Beni, tanki ilikauka. Pompi inalia, hakuna kinachotoka. Kaporali wa pale alikuwa amesubiri tangu asubuhi.

"Na yangu?"

"Benzako bamemaliza, chef. Mais ona hizi sufuria. Kesho zinapika nyama ya harusi. Unitafutie litri tano, nitakupa kiti pale karamuni."

"Viti kumi."

"Viwili."

Tulibishana saa nzima, mimi nikilinda viti kama vile ni batoto bangu. Tukasimama kwenye vine, karibu na nyama. Akapiga redio, na bido ikaja juu ya pikipiki kutoka bariere ya nyuma.

Ilikuwa esansi yangu. Nilishukuru kwa sauti.

Sufuria zikafika. Kavira aliolewa, bakwe balishiba. Vile viti vine vilikaliwa na basoda kumi na mumoja.

Jumatatu nilirudi kwa Paluku, nikamuambia arudishe ya moteri. Akauliza ile ya umeme ina kasoro gani. Nikamujibu inafanya kazi mno.

Funzo. Pompi ya umeme inawasha kamyo ya zamani haraka, sana sana kwenye baridi. Mais inamimina kwa kila mwenye ufunguo. Ya moteri haitoi kitu mpaka moteri izunguke. Ukichagua umeme, ficha mahali bouton, swichi ya kuikata, na usimuonyeshe mutu namna inafanya kazi hata akikuelekezea bunduki. Sema imeharibika. Hapo kila mutu anaamini.

Wenye kamyo za esansi, mulichagua ipi na kwa nini? Mwenye bouton aseme kama imemusaidia. Mahali alipoificha asiandike, humu banasoma batu bengi.