Sura ya Kwanza Tu

Mke wangu hakununua kitabu kilichokubaliana naye. Alikuwa fundi cherehani, ameishia kidato cha pili, na kila mwisho wa mwezi tulitoka kwetu Mtopanga tukaenda kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Kongowea. Vitabu vilitandazwa chini juu ya turubali. Yeye hakujali jalada. Alikifungua kitabu katikati, akasoma ukurasa mmoja amesimama vilevile, midomo ikicheza. Ukurasa ukisema mambo aliyokuwa akiyaamini tayari, alikirudisha.

"Hiki chanisifu tu," alisema. "Nikikimaliza nitakuwa yuleyule."

Muuzaji alikuwa amemzoea. "Mama, wallahi sikuelewi. Wataka kitabu ama wataka mtu wa kugombana naye?"

"Mtu ninaye, ndiye huyu hapa. Ila hajui kugombana, ndipo namtafutia vitabu."

Watu waliokuwa wakichagua vitabu walicheka, nami nikacheka. Mimi ningenunua vile vilivyopangwa mbele, vya namna ya kuamka mapema na kufanikiwa. Yeye alisema vitabu vile ni kama kupigwa mgongoni na mtu asiyekujua.

Mpango wake ulikuwa huu: kitabu kimoja, kila mmoja wetu asome sura moja kwa wiki, na Jumapili tukitoka kanisani tukae tujadiliane huku yeye akikata vitambaa. Alisema akili isipopingwa hulala. Mimi naendesha foklifti katika ghala moja Changamwe. Darasa langu ni la nane. Nikirudi nyumbani macho hayakubali herufi, na vingi vya vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza.

Nitasema ukweli, maana sina tena wa kumficha. Sikuwa nikisoma. Nilisoma sura ya kwanza ya kila kitabu, na maneno ya nyuma ya jalada, basi. Kwa sura zilizofuata nilijifunza ujanja. Yeye akisema jambo, nilinyamaza kidogo kisha nikauliza, "Kwa nini wasema hivyo?" Akaeleza. Nikauliza tena. Alifurahi, akawaambia wateja wake kwamba mumewe haongei sana lakini ana akili ya ndani. Niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya pazia, wala sikutoka kusema sivyo.

Kuna kitabu kimoja alichonunua kuhusu wagonjwa wasiopona, na kama ni haki kuwaambia. Tulikusudia kukisoma pamoja, lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilimjaa mpaka juu ya kitanda. Akaniambia, "Safari hii soma wewe, mume wangu, kisha unieleze. Nakuamini."

Nikasoma sura ya kwanza. Ilikuwa ya Kiingereza chepesi, na nzuri. Ilieleza kwa nini watu huwaficha wagonjwa: kwamba mtu akikatwa tumaini hufa kabla ya siku yake, kwamba anayebeba habari mbaya peke yake anambebea mwenzake mzigo, kwamba huo ndio upendo. Nilikubaliana na kila mstari. Nikakifunga kitabu, nikakaa nacho mwezi mzima nikikifungua pale tu aliponitazama.

Jumapili moja akauliza, "Haya, mwandishi asemaje?"

"Asema kuficha ni huruma."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akaweka mkasi chini. "Mimi siwezi kukubali. Mwili ni wangu, kufa ni kwangu, halafu wewe ndiwe ujue na mimi nisijue? Kwani mimi ni mtoto?"

Nami nikamjibu kwa maneno ambayo nikiyakumbuka natamani kuyang'oa kinywani. "Yule amesoma kukushinda wewe."

Hakukasirika. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kitambaa, akasema, "Labda. Ngoja nifikirie." Ndivyo alivyokuwa. Neno likimpinga, hakulitupa. Alilikalia siku nyingi kuona kama lina ukweli kuliko lake. Tabia yake iliyokuwa bora kuliko zote, mimi niliitumia kumnyamazisha.

Mwaka uliofuata akaanza kuumwa tumbo. Mwezi wa nane daktari alimwacha kwenye benchi, akaniita pembeni. Ilikuwa saratani, imeshatambaa. Miezi mitatu au minne.

"Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?" daktari aliuliza.

"Nitamwambia mimi."

Nilipomrudia mke wangu kwenye benchi, aliniangalia usoni. "Amesemaje?"

"Vidonda vya tumbo. Uache pilipili."

"Basi?"

"Basi."

Tulipofika nyumbani akauliza tena, safari hii bila kuniangalia. "Usinifanyie yale ya kitabu chako, sawa?"

Kitabu chako, alisema. Nami nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa, kama mtu aliyesikia mzaha.

Mke wangu alikuwa hali wali bila pilipili mbichi pembeni ya sahani. Akaacha. Kwa ajili ya uongo wangu alikula chakula kisicho na ladha mpaka alipofika pa kutoweza kula kitu.

Hilo la pilipili ni dogo. Kubwa ni dada yake. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na tangu mazishi ya mama huyo kule Kaloleni, anakoishi dada huyo, walikuwa hawasemezani. Kisa kilikuwa maneno yaliyosemwa mbele ya watu. Katika ugonjwa wake alianza kumtaja. "Nitakwenda kumwona," alisema. "Nikimaliza sare za Januari nitakwenda, nikae wiki nzima, tugombane mpaka yaishe." Kisha akarudi kwenye cherehani. Nilimwona akiinama kushonea sare watoto wa watu, mkono mmoja umeshika tumbo, nami nikijua kwamba Januari hiyo hataiona. Sikusema, "Nenda kesho." Nilimchemshia maji ya kunywa.

Alikufa mwezi wa kumi na moja. Sare kumi na saba zilikuwa hazijatiwa vifungo.

Dada yake alikuja matangani. Siku ya pili alinikuta nimekaa na wanaume, akasimama mbele yangu. "Shemeji, ulijua lini?"

"Mwezi wa nane."

"Na yeye?"

"Hakujua."

"Mimi je? Kutoka Kaloleni mpaka hapa ni mbali gani? Mngeniita, ningekosa kuja?"

Wanaume walitazama chini. Nikatafuta pa kujishika, nikasema kwamba kuna kitabu, kwamba msomi mmoja ameandika kuwa kuficha ni huruma, kwamba tulikisoma pamoja. Nilimtia marehemu katika uongo wangu, hata siku tatu hazijapita.

"Basi uniletee hicho kitabu," alisema. "Nataka kuona palipoandikwa."

Wiki kadhaa baadaye nikakichukua kumtafutia ukurasa. Sura ya kwanza ilikuwa vilevile. Nikafungua ya pili, nikiwa na kamusi ya mtoto wa jirani. Ilinichukua Jumapili nne. Mwandishi anaanza kwa kusema kwamba ametangulia kuyaeleza mawazo ya watu wengine kwa haki, kadiri alivyoweza, ili sasa aonyeshe yanavyokosea. Halafu anayavunja moja baada ya jingine. Sura ile niliyokubaliana na kila mstari wake haikuwa yake. Ilikuwa ya watu kama mimi.

Nimejiuliza kama ningemwambia iwapo ningesoma mpaka mwisho. Sijui. Huenda niliogopa tu, na kitabu kikawa pa kujifichia. Lakini yeye hakuogopa, na aliniuliza mara mbili.

Nikaenda Kaloleni. Nilipiga hodi, shemeji yangu akanipa kiti, hakunipa maji. Nikamwambia yote jinsi yalivyo: kwamba nilisoma sura moja, nikaidhania ndiyo kitabu, na kwamba dada yake alikataa maneno yale mpaka nilipomwambia mwandishi amemzidi kusoma.

Alinisikiliza huku akichambua mchicha. "Hiyo sura ya pili yasemaje?"

Nikamsomea, nikitafsiri polepole. Asema mtu anayekufa ana kazi ambazo hakuna mwingine awezaye kumfanyia, na anayemficha anamnyang'anya muda wa kuzifanya.

"Kazi gani?"

"Kuagana. Kupatana."

Alichambua mchicha mpaka ungo ukajaa. Hakulia, wala hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Endelea," alisema.

"Hiyo imeisha."

"Kitabu kimeisha?"

"La. Zimebaki sura saba."

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Nikafungua sura ya tatu. Nilimwambia kwanza kwamba hiyo nilikuwa bado sijaisoma, kisha nikaanza.