Mistari Iliyolala

Ijumaa iliyopita nilikwenda Vitongoji kula wali wa watu, kama ninavyofanya kila shangazi yangu wa Jadida anapopika muhogo siku tatu mfululizo. Mimi nakaa kwake kwa ajili ya skuli, na nampenda, lakini kuna mipaka. Nilipofika nikamkuta mjomba anapima banda la gari kwa kamba. Banda linavunjwa, anataka kujenga chumba cha kupangisha. Gari lenyewe liliuzwa mwaka juzi na tangu hapo wenye banda ni kuku. Nikaingia ndani kuwaaga, nikatazama ukuta, nikasahau hata wali.

Wewe hukulijua gari lile, basi nikueleze. Lilikuwa pikapu kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya usumba, honi yake sauti ya mbuzi aliyekabwa. Ndani likinuka karafuu mbichi, petroli na vumbi, na mpaka leo nikinusa vitu hivyo pamoja najiona nimechelewa skuli. Mtaa wetu mzima gari lilikuwa hilo tu. Mjomba alilipakia nazi na karafuu kupeleka Chake, na asubuhi alinipakia mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi mwenye mkoba wa ukili, akanishusha skuli.

Tatizo lake lilikuwa moja: siku nyengine halikutaka kuwaka. Lingekuwa linakataa kila siku mjomba angejua la kufanya, lakini lilikuwa linachagua. Siku tatu linawaka vizuri, ya nne linagoma, ya tano linawaka tena kama si lenyewe. Jirani akasema ni jicho. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akaandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji zinywewe, gari likanyweshwa kwenye rejeta. Kesho yake likawaka, mwalimu akasifiwa njia nzima. Keshokutwa likagoma, akasema dozi ilikuwa ndogo kwa mnyama mkubwa vile.

Ndipo mjomba alipomwita fundi kutoka Chake. Alikuwa mfupi, mpole, ana penseli sikioni ambayo sikumwona hata siku moja akiandikia. Hakufungua boneti kwanza. Alikaa juu ya gogo, akaomba maji, akauliza, "Likikataa, bwana, hukohoa au hunyamaza?"

"Siku nyengine hukohoa, siku nyengine kimya," alisema mjomba.

Fundi hakufurahi. Alishinda mchana kutwa akifungua na kufunga, akasafisha stata, akabadilisha plagi, na gari kwa adabu zake likawa linawaka kila alipojaribu. Alipoondoka alimwachia mjomba kazi: achukue mkaa, na kila asubuhi gari likikataa apige mstari ukutani mwa banda. Likinyamaza kabisa, mstari usimame. Likikohoa na kuzunguka bila kushika, mstari ulale. "Nitarudi baada ya miezi miwili," alisema. "Mimi siliulizi gari, naliulizia."

Sasa hapa, rafiki yangu, inabidi nikwambie jambo ambalo fundi hakulijua.

Gari likigoma siku ya jua, mimi naambiwa nitembee. Chake ni mwendo wa saa nzima na zaidi, na mwalimu wetu wa skuli alikuwa na fimbo ya mpera kwa wanaochelewa. Gari likigoma siku ya mvua, hakuna wa kumtembeza mtoto kwenye tope lile, basi nabaki jikoni kwa bibi, nakula muhogo wa nazi na kusikiliza maji yakishuka makutini. Mtu mwenye akili zake anaona wapi pana faida. Nilikuwa nimemwona mjomba akichomoa waya mnene wa katikati, ule unaopeleka moto kwenye plagi, akiufuta kwa pindo la kikoi. Basi mawingu yakikaza, mimi natangulia bandani, naunyanyua waya ule kidogo tu, upana wa ukucha, ukiutazama unaona umekaa. Mjomba anapiga stata, gari linakohoa, linakohoa, anatukana kwa sauti ya chini, anarudi ndani kunywa chai. Mimi naurudisha waya. Adhuhuri gari linawaka na mjomba anamshukuru Mungu.

Mvua za vuli zikapita hivyo. Ukutani ikapatikana mistari kumi na moja, saba imesimama na minne imelala, imechanganyika.

Dada yangu wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza, karibu kujifungua, na mumewe yuko Mtambile kwenye karafuu. Bibi yetu alikuwa mkunga, aliwazalisha nusu ya watu wa mtaa, pamoja na mimi, jambo alilonikumbusha kila nikimkosea. Alimpapasa dada tumbo siku tatu, kisha akasema, "Ntoto amelala upande. Uchungu ukianza, huyu si wangu. Apelekwe hospitali, na apelekwe mbio."

Fundi alirudi wiki hiyo hiyo. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akaugusa mstari huu, akaugusa ule.

"Bwana, gari lako lina maradhi mawili, na yanafichana. Nikitibu moja silijui jengine litanijibu nini. Mzazi msimpandishe humu. Tafuteni kitanda na wanaume wanane."

Mkono wa bibi ulisimama kwenye ungo. Dada alikuwa mlangoni ameshika kiuno, akainamisha uso. Masika yaliyopita jirani yetu mwengine, mja mzito, alibebwa kwa kitanda vivyo hivyo. Walifika naye nusu ya njia wakarudi, wakitembea taratibu, bila haraka yoyote.

"Iliyolala ni yangu," nikasema.

"Yako vipi?" mjomba akauliza.

"Niliilaza mimi."

Nikafungua boneti, nikawaonyesha waya. Mjomba akavua kiatu. Fundi akamshika mkono. "Ngoja kwanza, bwana. Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema la maana humu. Ukimpiga sasa atasahau. Mpige baadaye." Kisha akanigeukia, "Yote minne?"

"Yote. Siku za mvua tu."

Akalowesha kitambaa, akaifuta mistari yangu minne mmoja mmoja. Ikabaki saba, yote imesimama. Akamwomba mjomba akumbuke siku hizo alikuwa akifanya nini, na mjomba, ambaye hakumbuki umri wa wanawe, alizikumbuka zote: kila moja ilikuwa ya pili au ya tatu tangu aanike karafuu kwenye majamvi bila kuzianua.

"Basi hutokea kukiwa kukavu," alisema fundi. "Humu mna kitu kinachokauka."

Akang'oa kiti cha abiria. Betri ilikuwa chini yake, ndogo kuliko kisanduku chake, na pembeni mjomba alikuwa ameikaza kwa kumbi la nazi. Fundi akalitoa kumbi lile kwa vidole viwili, jepesi, limesinyaa. Kukiwa na unyevu lilivimba na kuibana betri. Jua likikaza lilinywea, betri ikasogea, na waya wake ulikuwa mfupi, ukivutika kidogo tu unalegea na stata haipati nguvu. Mjomba alilitazama kumbi lake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Fundi akasema atatengeneza ukanda wa chuma, utakuwa tayari baada ya wiki. Ubao hakutaka, aliogopa utaipasua betri kwenye mashimo yale. Mpaka hapo kumbi liwe linaloweshwa, asubuhi na adhuhuri, na anayelowesha akajulikana bila kupigiwa kura. Kiatu nacho nilikipata, baadaye, kama kilivyoahidiwa.

Siku ya tano ukawa mchezo wa ng'ombe kijiji cha pili. Asubuhi nililinywesha kumbi makopo mawili badala ya moja, nikajiambia hilo la pili ni la adhuhuri, nikavaa kanga mpya ya sikukuu nikaenda. Zumari zinalia, wanawake wanaimba, ng'ombe amefungwa kamba ndefu na vijana wanamchezea wakijifanya hawaogopi. Jasho lilinilowesha mgongo. Baada ya kitambo nikajigusa, kanga ilikuwa kavu kabisa. Nikasimama nayo mkononi. Halafu nikakimbia.

Nilipofika, betri ilikuwa inacheza. Nikamwagia maji, lakini kumbi halivimbi kwa kuombwa. Na kabla sijaenda kuteka tena nikamsikia bibi akimwita mjomba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Walimlaza dada nyuma juu ya godoro, bibi pembeni yake. Mjomba akakaa kwenye usukani, akaniona nimechuchumaa mahali pa kiti, nimeikumbatia betri na kuisukuma kwa magoti na mikono.

"Hukulowesha," alisema.

"Piga stata, mjomba."

Akapiga. Likashika mara moja.

Njia yote ya Chake ilikuwa hivyo. Likiingia shimoni, bibi anauliza kupitia kidirisha cha nyuma, "Wee, umeshika?" Nami najibu, "Nimeshika." Dada, kati ya uchungu mmoja na mwengine, alisema maneno mawili tu: "Ukiachia, nitakuua." Sijaona mtu mwengine akisema kitu kile na akakimaanisha vile. Lilizimika mara moja, kwenye kilima, na mjomba hakunitazama, alipiga stata na likawaka tena.

Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi, kwa mikono ya daktari, na dada alitoka salama. Mimi nilipojitazama nikaona kanga yangu mpya ina matundu kifuani, maji ya betri yameila. Bibi akaichukua kimya kimya akamfunikia mtoto wakati wa kurudi, na sikurudishiwa tena.

Bibi sasa hayupo, alifariki mwaka jana. Barabara imepata mabasi, na wasichana wa Vitongoji hawajui kusukuma gari wala kulihofia. Mtoto wa dada sasa anasoma chuo kile kile cha Kurani, na wingu likitanda tumbo linamuuma. Kila mtu ananitazama mimi.

Bandani, Ijumaa ile, mistari ya mjomba ilikuwa bado ipo, saba, imesimama, imefifia kidogo kwa mavi ya kuku. Yangu fundi aliifuta vizuri, hata alama hakuna. Nikaenda jikoni, nikaokota kipande cha mkaa, nikarudi. Nilikumbuka kila mmoja ulikuwa wapi. Nikailaza minne mahali pake, kisha nikamwambia mjomba anaweza kuvunja.