Dole Gumba la Mzee Masoud

Adelard aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya duka, akavua kofia. Mzee Masoud alikuwa akimpimia mteja sukari. Alipomwona akachangamka, kwani kijana huyo alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ile ile aliyofanyia kazi Thuraya, binti yake wa pekee, ambaye sasa alikuwa amelazwa huko huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana dresa. Nafunga duka nije. Amekula?"

Adelard aliitazama mizani. "Keti kwanza, mzee."

"Nimekuuliza, amekula?"

"Thuraya ametutoka, mzee. Alfajiri. Shangazi yake alikuwa naye."

Mzee alimaliza kuifunga sukari, akampa mteja karatasi yake. Ndipo akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akaketi juu ya gunia.

Watu wa Tandale walimcheka Mzee alipomruhusu Thuraya kusomea uuguzi. "Mwarabu mzima anampeleka mwanawe akashike miili ya watu!" Naye akawajibu, "Mtamwita nyie wenyewe." Na kweli walimwita, usiku na mchana, hata wale waliocheka.

Masomo yake Thuraya aliyafanyia mazoezi kwa baba. Alimkalisha juu ya gunia la mchele, akamtia kipimajoto kwapani, huku akikitazama kifua chake kikipanda na kushuka bila kumwambia, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi huzibadilisha. Kisha akamshika mshipa wa mkono, akahesabu mapigo. Siku moja Mzee naye akataka kujaribu, akambana kwa dole gumba.

"Sivyo, Baba! Dole gumba lina mshipa wake. Utahesabu moyo wako, useme ni wangu."

"Kwani si moyo mmoja huo?"

"Vidole viwili, Baba! Cha shahada na cha kati. Maneno ya dukani yaache dukani."

Kisha homa ya matumbo ikamwangusha Thuraya mwenyewe. Ilimchoma mpaka midomo ikapasuka, halafu mchana mmoja ikashuka ghafla. Mzee alimgusa paji la uso, akaliona la baridi, akasujudu pale pale sakafuni.

"Umepoa, mwanangu! Alhamdulillahi!"

Thuraya alikuwa amelishika tumbo, limekaza kama ubao. "Nishike mshipa, Baba."

Kwa furaha yake, Mzee akamshika kwa dole gumba. "Shwari! Unakwenda kama saa ya ukutani."

Thuraya aliutazama mkono wa baba yake, akatabasamu. Hakumsahihisha. Alimgeukia Wahiba, dada yake Mzee. "Shangazi, nitafutieni gari."

Ndani ya gari alimnong'oneza Wahiba kwamba joto likianguka huku moyo unakimbia, mgonjwa hajapona, ndani kumeharibika. "Baba usimwambie. Mwache leo alale." Kwenye wodi ya wanawake mwanamume haruhusiwi kulala, basi Mzee akarudi nyumbani, na kweli akalala.

Maiti ililetwa kabla ya adhuhuri. Wanawake walikuwa wakichota maji ya kuoshea Mzee alipoomba kuingia peke yake. Alifunua shuka, akaushika mkono.

"Wahiba! Unapiga! Njoo, unapiga!"

Wahiba alikuja mbio, akasimama mlangoni. Mzee alimtazama, kisha akatazama vidole vyake. Akaliondoa dole gumba. Akaweka viwili, cha shahada na cha kati, kama alivyofundishwa. Akangoja. Akavisogeza kidogo, akangoja tena.

Akaurudisha mkono chini ya shuka. "Mwosheni," akasema.

Aliswaliwa baada ya alasiri. Makaburini watu walitandaza shuka juu ya kaburi. Mzee akashuka pamoja na mdogo wake, Muhdhar, wakampokea. Mzee alimlaza ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla, akafungua vifundo vya sanda. Viunza, mbao za kumfunika, vikapangwa, naye akavutwa juu. Watu wakatia udongo. Adelard alisimama nyuma yao, kofia mkononi. Mwalimu wa madrasa akasoma talakini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, watu wakaitikia dua, wakarudi nyumbani.