Mkono wa Kushoto wa Fundi Lusenge

Kule Butembo, dereva ambaye gari lake linachemka haulizi mengi. Anaambiwa, "Nenda kwa Mama Hadassa," naye anashuka mpaka nyuma ya soko la mbao, kwenye kibanda cha mabati chenye pipa la maji katikati. Humo ndimo Kahongya, ndiye huyo Mama Hadassa, alimofanyia kazi. Alikuwa mama wa miaka arobaini na mitano, mwembamba, mwenye vidole vilivyoungua mara nyingi hata havikusikia tena moto mdogo.

Kazi yake ilikuwa kutibu joto la magari. Alifungua radiateur, lile sanduku la mirija ya shaba linalokaa mbele ya injini kupoza maji, akaitoa kutu, akaziba midomo yake miwili kwa vitambaa na mbao, akaipulizia upepo kwa pompi ya baiskeli, halafu akaizamisha ndani ya pipa. Palipotoa mapovu ndipo palipokuwa na kidonda. Alipakausha, akapasugua mpaka shaba ikang'aa, akapaziba kwa bati lililoyeyushwa. Akimaliza hapo aliangalia mipira ya maji, pompi na kifuniko, maana radiateur nzuri yenye kifuniko kibovu ni bure, maji yanakimbia tu.

Hayo yote alifunzwa na mume wake, Lusenge. Lusenge alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na bati lake lilijulikana kwa hilo: kila alipofika mwisho wa mshono alilivuta kidogo likajikunja upande mmoja kama mkia wa mbwa. Mafundi wengine walimaliza kwa nundu. Alikuwa pia na mambo yake. Alipiga mluzi wa wimbo wa kanisa katikati ya meno, na sikuzote aliukata mstari wa tatu, hajui mwenyewe kwa nini. Kabla ya kuondoa radiateur mezani aliigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, akaitegea sikio kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu aitwe mjini Beni kutengeneza lori lililochemka upande wa kaskazini wa mji. Lori lilikutwa limeungua. Miili mitatu ilipatikana, yote ikatambuliwa. Wa Lusenge haukuwamo. Mwaka ulipoisha, wazee wa kanisa walikuja kwa Kahongya.

"Mama Hadassa, tufanye kilio. Moyo upate kutulia."

"Hapana," aliwajibu. "Mimi siwezi kuzika nguo."

Akaendelea na kazi na kumlea binti yao mmoja, Hadassa, aliyekuwa anakaribia kumaliza shule.

Siku moja Gérard, dereva anayetoa viazi Masereka na kuvishusha Beni, alifika na gari linalovuja. Kahongya akafungua radiateur, akaigeuza. Tundu lilikuwa chini, dogo, kazi ya nusu saa. Lakini juu, pembeni, palikuwa na mshono mwingine. Bati lake lilikuwa jeupe bado, halijafifia. Mwisho wake ulijikunja upande mmoja kama mkia wa mbwa.

Kahongya aliuangalia mpaka Gérard akaona vibaya.

"Mama, kuko nini?"

"Papa Gérard, hapa juu nani alikutengenezea?"

"Ile? Ni ku Beni, juma lililopita. Kuko mutu mumoja kule nyuma ya maegesho ya zamani ya malori. Anajua kazi, mais haongeake. Batu banamuita Bubu. Banasema alitoka mu pori."

Kahongya alipitisha kidole juu ya bati lile. Lilikuwa baridi, kama bati linavyopaswa kuwa, lakini alijiona kama ameshika mkono wa mtu.

"Kesho unashuka Beni?"

"Saa kumi na mbili."

"Uniwekee nafasi."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeketi juu ya mteremko wa Kabasha. Watu waliobeba ndizi walitokea mbele ya gari wakionekana miguu tu, halafu kiuno, halafu uso, kisha wakamezwa tena. Gérard aliendesha polepole. Kahongya alikuwa anafikiri: kama yuko hai, kwa nini hakuja? Beni na Butembo ni njia ya asubuhi moja. Na kama hayuko hai, huyu anayeziba radiateur za watu ni nani?

Gérard alimshusha karibu na maegesho, akamwonyesha kibanda cha mianzi, akaenda kushusha viazi vyake. Kahongya alibaki peke yake. Kabla hajaona mtu, alisikia mluzi. Ulikuwa wimbo ule ule, katikati ya meno. Ulipanda mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukakatika.

Alisogea mpaka kwenye upenyo wa mianzi. Ndani, mtu alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya meza, bega la kushoto limeshuka kidogo. Mkono wa kushoto ulishika chuma cha moto. Ulivuta bati, taratibu, ukalikunja mwishoni. Mtu yule akaweka chuma chini. Akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole. Akainama, akatega sikio.

"Lusenge," Kahongya akasema.

Mtu akageuka.

Haikuwa sura ya Lusenge. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mweusi zaidi, mwenye kovu lililotoka sikioni mpaka kidevuni. Hakufanana na Lusenge hata kwa unywele. Lakini alisimama kama yeye, uzito wote kwenye mguu mmoja, kichwa kimeinama upande. Kahongya alitaka kukimbia, na alitaka mtu yule ageuke tena ampe mgongo.

Mtu akafungua kinywa. Sauti yake ilitoka kwa shida, kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji.

"Weye ndiye Mama Hadassa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mihogo nje aliangusha kisu chake. "Yesu! Bubu anaongea!"

Jina lake lilikuwa Maliro, mwenyeji wa kijiji cha Kasugho. Alikuwa ameenda upande wa Beni kulima kakao, akatekwa na waasi shambani pamoja na wengine. Hayo alimweleza Kahongya akiwa ameketi chini, macho yake kwenye mikono yake mwenyewe.

"Tulipofika kule, tulimukuta Papa Lusenge. Yeye bale batu habakumuuwa juu alikuwa anatengeneza pikipiki zabo na groupe, mashine ya umeme. Ile siku balituweka kwa mustari batuuwe. Yeye akaninyooshea kidole, akasema, 'Huyu ni aide yangu, ni fundi.' Mimi sikuwaka nimeshika chombo hata siku moja, mama. Nilijuaka jembe tu."

"Akakufunza."

"Mchana tulikatazwa kuongea. Nilimuangalia tu. Nilijua siku nitakosea, nitakufa, na yeye pia. Donc nilifanya kila kitu kama yeye. Namna anasimama, namna anashika, namna anapiga mluzi. Sikujua nini ni kazi na nini ni mutu. Nilibeba vyote."

Kahongya aliuliza lile alilolijia, na alijua jibu kabla ya kuuliza.

"Alikufa kwa homa," Maliro akasema. "Mu mvua, miaka mbili sasa. Nilimuzika mimi, karibu na muto, chini ya muti mukubwa. Usiku alikuwa ananinong'oneza habari zenu. Nilipopona, nikatoka mu pori, nilitaka kuja Butembo. Nikaogopa. Nitakuambia nini, na niko na mikono yake?"

Kahongya hakulia pale. Alimwambia afunge vyombo vyake. Jioni ile waliingia Butembo pamoja, na juma lile lile kilio kikafanyika siku tatu, kwa nyimbo na moto uani, na Maliro alieleza mbele ya wazee wa kanisa mahali Lusenge alipolala. Watu walimshukuru. Wakamwita mtoto wa nyumba.

Ingalikuwa vizuri mambo yangeishia hapo. Lakini Maliro alibaki karakanani, maana kazi ilikuwa nyingi na hakuwa na pa kwenda, na Kahongya akaanza kuwa na desturi ambayo hakumwambia mtu. Alichukua kiti chake, akakiweka nje, nyuma ya ukuta wa mabati, akakaa akichambua maharagi. Hapo hakuona uso. Alisikia tu: mluzi, chuma kikisugua shaba, mapovu kwenye pipa, kifundo cha kidole kikigonga mara tatu. Akifumba macho, mume wake alikuwa kazini.

Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Baridi ya Butembo ilipozidi alimpa Maliro koti la Lusenge. Alimwambia ni kwa ajili ya baridi. Akaanza kumpikia sombe, yale majani ya muhogo, yenye karanga nyingi, kama Lusenge alivyopenda. Maliro alikula bila kusema kama anaipenda au hapana. Akaanza kukohoa kidogo kabla ya kuzungumza. Ndivyo Lusenge alivyokuwa anafanya. Bega lake la kushoto likashuka zaidi.

Hadassa aliacha kupita karakanani.

"Mama, ule mutu ananiogopesha," alisema siku moja akiosha sahani. "Ile siku ya mwisho niliingia, akaniambia, 'Umetoka shule, mukubwa wangu?' Ni Baba tu aliniitaka vile. Na hakusema kwa kucheza. Alisema kama ni yeye."

"Baba yako alimuhadisia mambo yetu."

"Sawa. Mais weye, mama, juu ya nini unakaa kule nyuma?"

Kahongya alichukua sahani iliyooshwa, akaifuta.

Siku ya tatu baada ya hayo, mchana kweupe, Kahongya alikuwa ameinamia radiateur ya basi dogo iliyojaa matope na mabawa ya wadudu. Alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Lusenge, niletee koleo."

"Nakuja, mama yangu wee," sauti ikajibu nyuma yake.

Haikuwa sauti ya Maliro. Ilikuwa nzito, na yenye kicheko chini yake, kicheko cha mtu aliyefunga ndoa miaka ishirini iliyopita. Koleo likawekwa kiganjani mwake. Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli. Ndani hakuna kilichotikisika, hata maji ya pipa. Kahongya aligeuka polepole. Maliro alikuwa amesimama na koti la marehemu, uso umemwagika jasho, macho yamemtoka kama mtu aliyeamshwa juu ya ukingo wa bonde.

"Mama," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo. "Sikusema mimi."

Wakaketi chini wote wawili, mbali mbali. Maliro akaongea.

"Sikukuambia kitu kimoja. Nilipotoka mu pori, nilienda kwanza kwetu, Kasugho. Mama yangu alikuwa uani. Aliniona nikitoka njiani, nikikuja. Akaniuliza, 'Unatafuta nani, papa?' Mama yangu mwenyewe. Nikageuka. Sijuwe tena nini ni yangu."

Kahongya aliona aibu ikimpanda kama maji yanayochemka. Mumewe alimpa kijana huyu mikono yake ili aishi. Yeye ndiye aliyetaka pia mgongo, koti, koo na sauti. Alisimama, akamvua Maliro koti kwa mikono yake miwili, kifungo kwa kifungo, kama anavyovuliwa mtoto.

"Kesho tunaenda Kasugho," akasema.

Walienda kwa pikipiki, siku nzima, njia ya matope na mwitu. Mama yake Maliro aliitwa Mama Vagheni. Walimkuta amekaa mlangoni anapepeta. Hakuinuka. Alimtazama kijana aliyesimama uani, uzito wote kwenye mguu mmoja, naye Maliro kwa hofu akaanza mluzi ule katikati ya meno.

"Ni nani huyu unaniletea?" mzee akamwuliza Kahongya.

"Ni mutoto yako, mama. Huo mluzi ni wa bwana yangu. Alimupa mu pori ili asikufe. Umuvumilie."

"Mutoto yangu hasimamake vile."

Maliro alikata mluzi. Machozi yalikuwa yanamshuka juu ya kovu. Mzee alipepeta mara mbili zaidi, akaweka ungo chini, akamwonyesha kibuyu kilichokuwa ukutani.

"Papa, niko na kiu. Uniletee maji."

Bomba la kijiji lilikuwa palepale, mbele ya kanisa, watu wanachota, kila mgeni angeliona. Maliro hakuliangalia. Alichukua kibuyu, akazunguka nyumba, akapita katikati ya migomba, akaingia kwenye majani marefu mahali pasipoonekana njia yoyote. Walisikia majani yakivunjika, yakishuka, yakishuka, kisha kimya.

Mama Vagheni akainuka kwa kushika mlango.

"Kisima cha zamani," akamwambia Kahongya. "Hakuna anayekwenda kule tangu walete bomba. Ile njia ilikufa na majani. Ni yeye alikuwa ananichoteaka pale, akiwa mudogo."

Akakimbia, mzee yule, miguu mitupu, mpaka kwenye migomba, akiita jina la mwanawe kwa nguvu hata watu wa bombani wakaacha madumu yao. Kutoka chini, majanini, sauti moja ilimwitikia. Kahongya hakuitambua hata kidogo.

Alilala kwao siku mbili, akamwacha Maliro na mama yake, akarudi Butembo peke yake. Asubuhi alifungua kibanda. Koti alimpa mzee mmoja wa kanisa. Kiti akakirudisha ndani, karibu na pipa, na alipokuwa anajaza maji alisimama kidogo, akasikiliza. Palikuwa na upepo tu kwenye mabati. Kimya kile kilimtisha kuliko mluzi wote. Lakini dereva alikuwa anangoja nje na gari linalotoa mvuke, naye akachukua kitambaa, akaenda kufungua kifuniko.